Njia ya Kuifikia Alfajiri



Naanza kwa kuwasomea kitu, tena polepole, kwa sababu hapa redioni hamkioni. "Main, nukta, sw, nukta, dates, nukta, calendars, nukta, gregorian, nukta, dayPeriods, nukta, format, nukta, wide, nukta, morning1." Maneno tisa, nukta nane. Ukiyafuata moja baada ya jingine bila kukosea herufi, mwishoni unakuta neno moja la Kiswahili limekaa peke yake. Neno lenyewe ni alfajiri.

Nilichowasomea ni anwani. Inatoka CLDR, hazina ya data za lugha inayotunzwa na Unicode Consortium, watu walewale wanaoipa kila herufi ya dunia namba yake ndani ya kompyuta. Simu yako ikiandika "Jumapili" kwenye kalenda, au ikaandika "Januari" kwa tahajia yetu, kuna uwezekano mkubwa neno hilo limetoka humo. Kiswahili kimo kwa alama ya sw, na kando yake kuna mafaili ya Kiswahili cha Kenya, cha Uganda na cha Kongo. Siku, miezi, majina ya nchi, majina ya fedha, kila neno lina anwani yake ndefu kama hiyo niliyoisoma.

Sasa, mtu aliyepewa faili kama hilo kwa mara ya kwanza atazijuaje anwani zote zilizomo? Hapo ndipo kinapoingia kifaa ninachotaka kukizungumzia jioni hii. Ni maktaba ndogo ya msimbo. Nasema maktaba kwa maana wanayoitumia waandishi wa programu, yaani kipande cha msimbo kilichokwisha kuandikwa ambacho wengine hukiazima badala ya kukiandika upya. Hii ina kazi moja tu. Unaipa data yenye matabaka, nayo inakurudishia orodha ya njia zote za kuyafikia yaliyomo. Nyingi za aina hii hazifiki mistari thelathini.

Wa pwani wanalijua kasha la Kizanzibari. Mbao ngumu, misumari ya shaba, ndani mna kijisanduku upande mmoja, chini mna droo, na mafundi wengine huficha droo nyingine nyuma ya hizo zinazoonekana. Bibi akikutuma pete yake hakwambii "iko kashani" akanyamaza. Atakwambia: mwanangu, fungua kasha, tazama kijisanduku cha kushoto, ndani yake mna kijaluba cha fedha, fungua, utaiona. Ukiruka hatua moja utarudi mikono mitupu, na bibi atainuka mwenyewe.

Data nyingi zinazosafiri kati ya programu leo zimepangwa namna hiyo. Umbo linalotumika zaidi linaitwa JSON, lililopewa jina na kuenezwa na Mmarekani Douglas Crockford tangu mwaka 2001. Humo kila kitu ni jozi ya ufunguo na thamani. Ufunguo ni "jina", thamani ni "Asha". Lakini thamani nayo yaweza kuwa kasha jingine lenye jozi zake, na ndani ya hilo likawamo jingine, na jingine tena. Hakuna anayekuwekea kikomo cha kina.

JavaScript, lugha ya kuandikia programu, ina amri ya kuorodhesha funguo, na imo katika kanuni zake rasmi tangu 2009. Tabu ni kwamba amri hiyo inafungua kifuniko cha juu tu. Inasoma majina ya vijisanduku inavyoviona, kisha inafunga. Ukiipa lile faili la kalenda ya Kiswahili, lenye miezi yote, siku zote na nyakati zote za kutwa, itakujibu neno moja: main. Basi. Alfajiri iko tabaka nane chini yake, na amri haijui kama ipo.

Kwa hiyo mtu anaandika yake. Nitawaeleza inavyofanya kazi, na hata asiyewahi kugusa kompyuta atanifuata. Chukua kasha. Kwa kila ufunguo unaoukuta, andika jina lake, kisha tazama thamani yake. Ikiwa ni neno, au namba, au ndiyo na hapana, umefika mwisho; andika njia nzima uliyopita mpaka hapo. Ikiwa ni kasha jingine, ishike ile njia uliyofika nayo, ongeza nukta, kisha anza upya kana kwamba hili kasha dogo ndilo ulilopewa tangu mwanzo.

"Anza upya" ndiyo kiini chake. Kipande cha msimbo kinajiita chenyewe, kila mara kikiwa na kasha dogo zaidi mkononi, mpaka makasha yaishe. Mwandishi wa programu hana haja ya kujua kina ni tabaka mbili au ishirini. Nimeshafanya kazi hii miaka mingi na wazo hili bado linanifurahisha kama siku ya kwanza nilipolielewa, usiku, juu ya karatasi, kwa kalamu ya risasi.

Lakini msije mkadhani mambo yameishia hapo. Ndani ya mistari hiyo thelathini mna maswali ambayo kila mwandishi wa maktaba hii amelazimika kuyajibu, na wawili hawajibu sawa.

Swali la kwanza: kasha ni nini hasa? Linachekesha kulisikia, lakini limeangusha programu nyingi. JavaScript iliandikwa mwaka 1995 na Brendan Eich, kwa siku kumi, na toka enzi hizo ina kosa moja ambalo halijaondolewa. Kuna thamani iitwayo null, maana yake hapa hapana kitu. Ukiiuliza lugha yenyewe null ni aina gani, inakujibu kwamba ni kasha. Ukiiamini na kujaribu kuifungua uhesabu funguo zake, programu inakufa hapohapo. Kosa limeachwa kwa sababu msimbo mwingi mno duniani umeshajengwa juu yake, na kulirekebisha kungeuvunja. Kwa hiyo kila anayeandika orodha ya njia lazima akumbuke kusimama mbele ya null na kusema: hapa siingii.

Swali la pili ni kasha tupu. Umefika, umefungua, hamna kitu. Je, utaiandika njia yake au utaiacha? Maktaba zinazoandika miisho peke yake huliacha, na kasha hilo linatoweka kabisa kwenye orodha. Mimi sikubaliani nazo. Mgonjwa ambaye sehemu ya "mzio" kwenye faili lake ipo na ni tupu ameulizwa akasema hana mzio. Ambaye sehemu hiyo haipo kabisa, pengine hakuna aliyemuuliza. Daktari anahitaji kuijua tofauti hiyo, na orodha inayoifuta si orodha ya kuaminiwa.

La tatu ni mfululizo, yaani thamani ambayo ni vitu vingi vilivyopangwa kwa namba: sifuri, moja, mbili, tatu. Ukiwa na wagonjwa elfu moja, kila mmoja na vipengele ishirini, orodha yako itakuwa na njia elfu ishirini, na karibu zote zinafanana isipokuwa ile namba ya katikati. Macho ya binadamu hayafaidi chochote hapo. Ninachopenda ni maktaba inayokuruhusu kuweka nyota mahali pa namba, ili zile elfu ishirini zirudi kuwa ishirini na uone umbo la data yako. Ila kuna wakati namba yenyewe ndiyo unayoitafuta, kwa sababu mgonjwa wa mia tatu na saba ana kipengele ambacho wengine hawana. Basi maktaba nzuri itakuuliza unataka lipi.

Halafu kuna nukta. Tumekubaliana nukta itenganishe hatua za njia. Vipi basi kama nukta imo ndani ya ufunguo wenyewe? Chukua kasha linaloitwa "nyaraka", ndani yake ufunguo ni "ripoti.pdf". Maktaba itakuandikia "nyaraka nukta ripoti nukta pdf", na anayeisoma atadhani kuna kasha liitwalo "ripoti" lenye ufunguo "pdf" ndani yake. Ataenda, hatalikuta. Anwani ni sahihi na haifiki.

Wakubwa wa mtandao walilishughulikia hili. Aprili 2013 ilitoka kanuni iitwayo JSON Pointer, namba yake RFC 6901, inayotenganisha hatua kwa mkwaju badala ya nukta. Ikitokea mkwaju umo ndani ya ufunguo, unaandikwa kwa alama ya kiwimbi na moja. Na kiwimbi chenyewe kikiwamo, kinaandikwa kiwimbi na sifuri. Hakuna utata unaobaki. Kuna na njia nyingine ya kuandika anwani hizi, JSONPath, iliyopendekezwa na Stefan Gössner mwaka 2007. Hiyo ilikuja kuwa kanuni rasmi Februari 2024, baada ya miaka kumi na saba ya kila mtu kuitafsiri anavyojua. Ushauri wangu kwa anayeandika ya kwake ni mwepesi zaidi: usiziunganishe hatua kabisa. Rudisha kila njia kama mfululizo wa maneno, na nukta iwekwe na yule anayetaka kuisoma kwa macho. Kuunganisha ni rahisi. Kutenganisha kilichokwisha kuunganishwa ndiko kunakoshinda.

La mwisho nalipitia haraka. Ndani ya kumbukumbu ya kompyuta kasha laweza kubeba rejea ya kasha lililolibeba, na hapo "anza upya" haina mwisho. Kipande cha msimbo kinajiita mpaka nafasi inakwisha. Weka daftari la makasha ambayo umo ndani yake kwa sasa, na ukilikuta mojawapo tena, geuza. Maandishi ya JSON yenyewe hayana hatari hii.

Niwape kisa, kwa sababu nisije nikaonekana nasifia kifaa cha darasani.

Wanaojenga mifumo ya malipo Kenya wanaifahamu Daraja, mlango wa Safaricom ambao programu nyingine hupitia kuifikia M-Pesa. Mteja anabonyeza "lipa", simu yake inaletewa ombi la namba ya siri, kisha Daraja inaitumia programu yako jibu la JSON. Malipo yakifaulu, kiasi kilicholipwa kinakaa ndani kabisa: Body, nukta, stkCallback, nukta, CallbackMetadata, nukta, Item, halafu ni kipengele kimojawapo kati ya vilivyomo kwenye mfululizo, pamoja na namba ya risiti, tarehe na namba ya simu.

Kijana mmoja tuliyekuwa tukifanya naye kazi aliandika msimbo wa kupokea jibu hilo. Akajaribu kwa shilingi moja, ikafaulu. Akajaribu mara kumi, zikafaulu zote. Tukaweka mfumo hewani. Usiku huohuo mteja mmoja aliletewa ombi, akabadili mawazo, akabonyeza kughairi. Mfumo wetu ukaanguka, na malipo ya watu wengine waliokuwa nyuma yake yakakwama mpaka asubuhi. Kosa lilikuwa letu, wala simwachii kijana peke yake. Mimi ndiye niliyeupitia msimbo wake nikasema sawa.

Asubuhi nilimwomba afanye kitu kimoja: aorodheshe njia zilizomo kwenye jibu la malipo yaliyofaulu, kisha za lile lililoghairiwa, aziweke bega kwa bega. La kwanza lilikuwa na miisho kumi na miwili. La pili lilikuwa nayo minne: namba mbili za utambulisho wa ombi, msimbo wa matokeo, ambao ulikuwa 1032, na maelezo yake. CallbackMetadata haikuwamo hata kidogo. Ni haki isiwemo. Fedha hazikulipwa, risiti itoke wapi? Lakini msimbo wetu ulikuwa ukienda moja kwa moja kufungua kasha ambalo halipo. Alizitazama zile orodha mbili kama nusu dakika, akacheka kwa uchungu, akasema, "Kaka, kumbe tulijaribu furaha tu." Tangu siku ile hatuandiki mstari wa kusoma jibu lolote kabla ya kuweka mezani orodha ya njia za jibu jema na za jibu baya.

Sasa nirudi kwenye alfajiri, maana ndiyo iliyonileta hapa studio.

Programu zinazosema lugha nyingi huweka maneno yake kwenye mafaili: moja la Kiingereza, moja la Kiswahili, moja la Kiarabu. Funguo ni zilezile, thamani ndizo zinazobadilika. Kitufe cha kuthibitisha malipo kina njia yake katika kila faili. Programu ikiitafuta njia hiyo kwenye faili la Kiswahili isiione, kwa kawaida hurudi kwenye Kiingereza kimyakimya. Nyote mmeshaliona jambo hili. Uko kwenye ukurasa wa Kiswahili, unasoma vizuri, ghafla katikati kuna sentensi ya Kiingereza, na mara nyingi ni ile muhimu: onyo, au sharti, au sababu ya ombi lako kukataliwa. Mama aliyesoma kwa shida mpaka hapo anaachwa mlangoni.

Kitu hicho kinapimika kwa dakika tano. Toa orodha ya njia za faili la Kiingereza. Toa ya Kiswahili. Ondoa ya pili kutoka kwenye ya kwanza. Zinazobaki ndizo tunazodaiwa. Hakuna haja ya kukodi mtu abonyeze kila ukurasa akiwinda Kiingereza kilichojificha.

Nawaomba kisha mfanye na upande wa pili, ule ambao wengi hawaufanyi: ondoeni ya Kiingereza kutoka kwenye ya Kiswahili. Mara nyingine mtakuta mabaki ya zamani, njia za vitufe vilivyokwisha kufutwa. Lakini ukifanya hivyo kwenye nyakati za kutwa za CLDR utakutana na njia inayoishia kwa morning2. Kiingereza hakina. Kina morning1 peke yake, kwa sababu kwao asubuhi ni moja. Sisi tunazo mbili. Morning1 ni alfajiri, inaanza saa kumi usiku hadi saa moja. Morning2 ni asubuhi, kuanzia saa moja hadi saa sita mchana. Kuna mtu aliyekaa akasema Waswahili hawaihesabu asubuhi hivyo, wanazo mbili, akaiongezea lugha yetu njia yake.

Nafikiri sana kuhusu mtu huyo. Angekuwa amepewa faili la Kiingereza akaambiwa ajaze nafasi zilizomo, angejaza vizuri kabisa na alfajiri ingepotea, wala hakuna ambaye angejua imepotea, kwa kuwa nafasi zote zingeonekana zimejaa. Ndiyo maana napinga mazoea ya kuipima tafsiri kwa asilimia ya faili la Kiingereza peke yake. Kiarabu kina maumbo sita ya kuhesabu, na anayekipima kwa mawili ya Kiingereza atakikata mikono. Kiswahili hapo kina mawili kama Kiingereza, lakini kwenye saa kinataka zaidi.

Kwa vijana mnaojifunza kazi hii, ombi langu ni kwamba mwiandike maktaba hii kwa mikono yenu angalau mara moja kabla ya kuazima ya mtu. Machi 2016 kulikuwa na maktaba nyingine ndogo, left-pad, ya mistari 11, kazi yake ni kujaza nafasi upande wa kushoto wa neno. Mwandishi wake aliiondoa kwenye npm, ghala ambako maktaba kama hizi huazimwa, baada ya mgogoro wa jina la kifurushi chake kingine, na kazi za watu dunia nzima zikagoma kujengwa mpaka iliporudishwa baada ya saa kama mbili. Wengi waliokwama hawakujua kama wanaitegemea. Sisemi msiazime, mimi naazima kila siku. Nasema kitu cha mistari thelathini mkifahamu kwa ndani, mjue kinajibu nini kuhusu null, kuhusu kasha tupu, kuhusu nukta. Andikeni, kisha kipeni kasha tupu. Kipeni null. Kipeni ufunguo wenye nukta. Kitakachovunjika kitawafundisha zaidi yangu.

Na wewe msikilizaji ambaye faili la Kiswahili la programu fulani liko mikononi mwako, iwe ya hospitali, ya benki, ya shule au ya kanisa, usingoje mtumiaji akulalamikie. Toa orodha zako mbili usiku huu. Njia iliyo kwenye Kiingereza na haimo kwetu, ijaze. Na ukiona Kiswahili kinahitaji njia ambayo Kiingereza hakina, iongeze, uwaandikie wenye programu uwaeleze kwa nini.